Flashi ya finalisti: kisa cha Jumamosi moja mu sale ya kompyuta, Bukavu

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu. Nakiandika, mi shefu wa sale, juu kila mwaka tunapata wasaidizi wapya wa sale, vijana wazuri, wengine wanajua mashini kuliko mi, na kila mwaka nawahadithia kwa mdomo na kila mara kuko kipande nasahau. Majina nimetoa, fakulte nimetoa, mwaka sitaji, namba za mashini nimebadilisha. Chuo ni kimoja cha hapa Bukavu, inatosha. Msaidizi mwenyewe nilimuomba ruhusa akanipa. Finalisti, yule mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye flashi, tulimfikishia ujumbe kupitia yaya yake, ni kusema dada yake mkubwa, akajibu: andikeni, lakini ile karatasi musiseme ilikuwa ya nini. Sitasema.

Sale na watu wake

Mashini 24, zenye kuwaka 17. Meza tatu ndefu, klavye za AZERTY zenye herufi zimefutika (ya mashini ya dirishani E yake ilikuwa haionekani tena, watu waliandika kwa mazoea tu), na karibu na mlango meza ya msaidizi: mashini yake, daftari ya kuandika kuingia na kutoka, sanduku ndogo ya funguo. Ile meza ilikuwa imewekwa hivi, msaidizi anatazama ndani ya sale, mgongo kwa mlango, kwa hiyo kila anayesubiri foleni anasimama nyuma yake na anaona skrini yake yote. Tulikuwa tumeiweka vile ili aweze kuona watu wote kwa jicho moja. Hakuna hata mmoja wetu alijiuliza nani anamuona yeye.

Umeme wetu wa SNEL unatoka pale Ruzizi, si mbali na mji, lakini mwenye kuishi hapa anajua delestaji, kule kukatwa umeme kwa zamu, unaenda saa yoyote na unarudi saa yoyote. Kila meza ilikuwa na onduleri mbili, vile visanduku vya betri vinavyoshika mashini umeme ukikatika, betri zimechoka, zinashika dakika kama tano. Zile dakika tano njo kazi kubwa ya msaidizi. Onduleri ikianza kulia, anasimama, anapaza sauti "rejistreni kwa flashi!" (hifadhini kazi zenu), anapita meza kwa meza, asiye na flashi anapewa ya sale, kuko flashi tatu ku sanduku kwa ajili ya hiyo tu. Kanuni hii niliifundisha mwenyewe.

Halafu kuko Deep Freeze. Kwa asiyeijua, ni programu inaweka disk C ya mashini kama mu barafu. Mtu anaweza kuandika, kushusha vitu, kubadilisha picha ya nyuma, hata kuingiza virusi, mashini ikizimika na kuwaka tena inarudi vile ilivyokuwa siku tuliigandisha. Bila hiyo sale ya wanafunzi mia kadhaa haimalizi hata mwezi. Ila kila kitu chenye mtu ameweka ku biro, ile skrini ya kwanza ya Windows, kinaenda nacho. Na ile kopi yenye Word inajiwekea yenyewe kila dakika kumi, ile inatuokoaka nyumbani umeme ukikatika, nayo iko ndani ya C, nayo inaenda. Hakuna pa kuitafuta. Tangazo la kueleza hayo lilikuwepo ukutani, ukurasa mmoja A4 kwa Kifaransa, jua limeupausha, na chini yake tulikuwa tumebandika mengine mawili.

Wasaidizi ni wanafunzi wa enformatike. Zamu ya masaa tano, posho kidogo mwisho wa mwezi. Siku ile posho ilikuwa imechelewa miezi miwili.

Jumamosi, kama daftari inavyosema

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho mbele ya kudepoza memwari, ni kusema kupeleka chuoni ile kazi ya kumaliza masomo, depo inafungwa Jumatatu saa sita ya mchana. Promosioni zile zilikuwa bado ku sistemu ya zamani, graduat ya miaka mitatu, G1 mpaka G3, na lisansi ya miaka miwili, L1 na L2 (LMD, sistemu mpya ya lisansi, masta na doktora, ilikuja kuwa ya lazima kwa wa mwaka wa kwanza mwaka wa masomo 2021-2022). Mwenye ameishi wiki kama ile anaijua. Sekretaria publike zote za Nyawera, mahali pa kuandikisha na kutoa karatasi kwa pesa, zimejaa, watu wanabeba karatasi chini ya koti juu ya mvua, direkteri, mwalimu anayesimamia memwari, hajibu simu, na sale yetu juu ilikuwa ya bure foleni yake ilifika ku ngazi.

Msaidizi wa zamu, kijana wa G3, alikuwa peke yake. Mwenzake aliomba ruhusa asubuhi, msiba kule Kadutu, mi nikamkubalia kwa simu na sikutafuta wa kumrudilia nafasi, nilijiambia Jumamosi inapita mbio.

13h10 finalisti wa L2, dada mmoja, anaingia, anaandika jina, anapewa mashini 9. Ana mkononi karatasi za sura ya tatu, direkteri wake amezijaza bic nyekundu, mishale, mistari imekatwa, jedwali nzima imezungushwa. Kanuni inasema flashi inapita kwanza ku mashini ya msaidizi ichunguzwe, basi anaitoa anampa.

Flashi inafunguka na dosie (folda) zote zimegeuka rakursi (njia za mkato). Hii virusi kila mtu hapa ameshaiona, inatokaka sana kwa mashini za sekretaria: inaficha dosie zako za kweli, inaweka mahali pake rakursi zenye majina yale-yale, ukibofya njo unaisambaza. Faili haziendi popote, zimefichwa tu. Msaidizi alilijua hilo vizuri kabisa. Dada akaona uso wake, akauliza:

"Kaka, vitu vyangu viko?"

"Viko dada, usiogope, ni virusi tu. Niachie hii nitakutengenezea, wewe anza kuandika, weka ku biro, tutakopia baadaye."

Hiyo sentensi nimeisoma mara nyingi ku karatasi yenye aliandika Jumatatu. Hakuna neno baya ndani. Lakini amechukua kitu cha mtu na hakukiandika popote, ametoa ahadi bila saa, na amemuelekeza mtu aweke kazi yake mahali yeye mwenyewe anajua hapashiki kitu. Anasema alitaka kumpelekea flashi ya sale kiisha dakika kidogo. Mi namuamini. Foleni ikamsahaulisha.

Finalisti akashusha sura yake toka ku email, maana aliitumia direkteri wiki iliyopita, akaiweka ku biro kama alivyoambiwa, akaanza kuingiza bic nyekundu mstari kwa mstari.

14h35 anafika mtu mmoja, finalisti naye, wa promosioni ya juu, tumuite mukubwa, njo vile msaidizi alimuita. Huyu njo alimkopesha msaidizi pesa ya minervali, ada ya masomo, mwaka ule. Hakupanga foleni. Msaidizi akamuweka ku mashini 14, mwenye mashini alikuwa ametoka kidogo kujisaidia. Ku daftari mstari ule umekatwa kwa bic na jina lingine limeandikwa juu. Mwenye mashini akarudi, maneno yakaanza, foleni ikapiga kelele, mwishowe akaondoka na hasira zake.

15h05 mukubwa anataka kutoa kurasa zake, enprimante ya sale haina tona. Msaidizi akamsindikiza kwa sekretaria ya ng'ambo ya barabara, juu alikuwa anamfahamu mwenye mahali pale na wangepunguziwa bei. Ufunguo akamwachia CP mmoja, mkubwa wa promosioni, aliyekuwa anaandika zake: niangalilie dakika kumi.

15h20 umeme ukaenda. Onduleri zikaanza kulia. CP hakujua ule mlio unamdai kitu gani, hakuna aliyemwambia. Waliozoea sale wakarejistre kwa flashi zao wakanyamaza. Na dada wa mashini 9, yeye naye alisikia, akafanya kile mtu mwenye akili anafanya, akabonyeza Ctrl na S. Alituambia alibonyeza mara mbili ili awe na hakika. Kisha akakunja mikono akasubiri. Dakika tano baadaye skrini ikawa nyeusi na yeye hakushtuka hata kidogo, kwa akili yake kazi iko salama.

15h50 msaidizi akarudi. 16h05 umeme nao. Mashini 9 ikawaka, biro safi, ikoni nne, picha ya nyuma ile ya siku zote. Dada akafunga akafungua. Akatafuta. Akamuita.

"Kaka, niliiweka hapa. Niliirejistre."

"Labda ni umeme dada. Ukikatika hivi inachomaka faili."

Si kweli, na alijua si kweli. Masaa kama mawili ya kazi yalienda juu biro ya mashini zetu haishiki, na yeye njo alimuambia aweke pale.

Hapo akakumbuka flashi. Sehemu hii naieleza polepole, juu wale wanaofanya kazi hii watajiona ndani yake. Alirudi mbio ku meza yake, akafungua lile dirisha jeusi, akaandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* akapiga Enter, na dosie za kweli zikatokea moja-moja. Amefaulu. Wengi wangeformata flashi ile, wafute vyote, na kumuambia pole, yeye hapana, aliitengeneza vizuri. Angesimama pale, achomoe, amuite dada, "yako hii, nenda ufungue ku mashini yako uangalie kama vyote viko". Lakini akataka kuhakikisha. Nafikiri pia, baada ya kumpotezea mtu masaa mawili, alitaka aonekane ameponya kitu. Akaanza kubofya. Sura ya kwanza, iko. Sura ya pili, iko. Jedwali la Excel, liko. Picha moja. Karatasi ya hospitali, imejaza skrini nzima, jina la dada juu kabisa kwa herufi kubwa, na nyuma ya kiti cha msaidizi watu watatu wa foleni.

Dada alikuwa amesimama pembeni na zile karatasi zenye bic nyekundu. Akazilaza juu ya skrini, akazishikilia pale kwa kiganja, na mkono mwingine akachomoa flashi. Hakupiga kelele, hakusema neno. Akatoka. Ku daftari mstari wake, upande wa kutoka, uko mweupe mpaka leo.

Mi nilifanya nini

Nilipata habari Jumapili jioni, CP aliniandikia ku WhatsApp, hakuandika juu ya flashi, aliandika juu ya fujo za mashini 14. Ilinibidi nimpigie simu na kuuliza tena na tena ndipo nikaelewa kuko jambo lingine chini yake.

Usiku ule nilikuwa nimeamua kumfukuza. Asubuhi saa moja na nusu alikuwa ameshafika mbele yangu, amekaa ku ngazi, naona hakulala. Nikampa karatasi nikamuambia andika yote, kwa mkono wako, tangu ulipofungua mlango. Akaandika ukurasa na nusu. Aliandika mukubwa, aliandika sekretaria, aliandika hata kwamba alimdanganya dada juu ya umeme, hiyo mwenyewe nilikuwa siijui. Karatasi ya hospitali hakuiandika. Nikamuuliza: na baada ya flashi kutengenezeka? Akanyamaza sana, akachukua karatasi akaongeza mistari mitatu.

Pale njo nilibadilisha uamuzi. Si kwa huruma peke yake. Nilijiuliza, siku nilimfundisha kazi, je nilimuambia mahali popote kwamba flashi ya mtu haifunguliwi? Nilimuambia kuhusu virusi, kuhusu Deep Freeze, kuhusu chakula mu sale, kuhusu filamu na miziki. Kuhusu vitu vya ndani vya watu sikumuambia neno. Nikimfukuza, atakayekuja nyuma yake atakuwa hajui vilevile.

Lakini dada alikuwa na mpaka saa sita, hilo njo lilikuja mbele. Nikaandika barua kwa fakulte kuomba siku mbili. Mwenzangu mmoja wa ofisi akanishauri niandike "kufuatana na ukosefu wa umeme", juu delestaji kila mtu anaikubali na haina aibu. Nilikataa. Umeme ulikatika kwa watu 17 na aliyepoteza kazi ni mmoja, na alipoteza juu ya maneno ya mtu wetu. Tena tungeandika umeme, ule uongo wa Jumamosi ungekuwa sasa ni wa ofisi nzima na wenye muhuri. Nikaandika kwamba kosa ni la sale. Wakatoa mpaka Jumatano saa ile-ile.

Dada hakutaka kukanyaga sale tena, nikamtumia lapto ya ofisi nyumbani kwa mkono wa yaya yake, na flashi mpya.

Jumanne tukakutana, yaya, finalisti, msaidizi na mi. Msaidizi aliomba msamaha akiwa amesimama, akasema wazi: si umeme dada, ni mi nilikuambia uweke pale, na nilijua. Finalisti akaitika kwa kichwa. Yaya alikuwa mtulivu muda wote mpaka tulipofika ku ile picha, akasema, "Ile karatasi, mi mwenyewe dada yake nilikuwa sijaiona." Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na la kusema kwa muda.

Kuko uamuzi wangu mmoja ambao nautubu. Jumatano niliwaita wale watatu wa foleni, pamoja, mu ofisi yangu, niwaombe wasirudilie walichokiona. Kumbe mmoja wao hakuwa ameona vizuri. Alitoka pale anajua kwamba kuko kitu cha kuficha. Ingefaa niongee na kila mmoja peke yake, kwa sauti ya chini, au ninyamaze kabisa.

Mwisho wake

Alidepoza Jumatano, akatetea kazi yake sesioni ile-ile. Maneno yalizunguka kidogo mu koridori, si sana, lakini yalimfikia. Sale hakurudi mpaka alipomaliza chuo, kurasa zake za mwisho zote alizitoa kwa sekretaria kwa pesa yake mwenyewe wakati kwetu ilikuwa bure.

Msaidizi alikaa wiki tatu nje ya zamu, na akirudi hakugusa flashi za watu mpaka mwisho wa mwaka, alishika daftari na foleni tu. Kumkata posho nilikataa. Nitakata nini, na miezi miwili sijamlipa?

Kilichosaidia na kilichotuangusha

Daftari ilitusaidia kuliko yote. Saa karibu zote nilizoandika hapa juu zinatoka mule, kwa mwandiko wake yeye mwenyewe, hata ule mstari uliokatwa wa mashini 14. Bila daftari Jumatatu ingekuwa neno la huyu na neno la yule. Wasaidizi wengi wanaiona kama kazi ya karani, wanaijaza jioni kwa kukisia. Mi nasema aliyeandika 15h05 kwa saa yake, hata akiwa anatoka kufanya kosa, ametulinda sote.

Ilisaidia pia kwamba hakuformata. Na kuandika kwa mkono, mtu anapoandika polepole anakutana na yale aliyotaka kuyaruka.

Sasa upande wa pili. Ukiwauliza watu wa chuo watakuambia kosa kubwa ni kutoka na kuacha sale. Ni kosa kweli, angekuwepo ule mlio ukianza, pengine angekumbuka mashini 9 na flashi ya sale. Lakini mi naona Jumamosi ile iliharibika 13h20, dada alipoambiwa weka ku biro. Msaidizi alikuwa na elimu yote ya lazima kichwani, Deep Freeze anaielewa kuliko mi, na elimu ile haikutoka mdomoni mbele ya mtu anayeihitaji. Tangazo la ukutani halisemi kwa niaba yako. Mtu amekaa na bic nyekundu ya direkteri wake, depo ni Jumatatu, hatainua macho kusoma A4 iliyopauka. Siku hizi msaidizi akimpa mtu mashini anasema kwanza, kwa Kiswahili, kabla mtu hajakaa: "Mashini hii ikizimika inasahau yote, rejistre ku D ama ku flashi." Nawasikiliza kama wanaisema. Anayechoka kuisema mara hamsini kwa siku bado hajaelewa zamu yake.

Ile D nayo ilitoka hapa. Deep Freeze yenyewe inaruhusu kuacha kipande cha disk bila kuganda, tulikuwa hatujakitumia tu, kwa woga wa virusi. Tukakitengeneza ku mashini zote, tukaelekeza Word iweke kopi zake za dakika kumi kule. Ila D ni ya kila mtu, mwenye kukaa ku mashini nyuma yako anaona ulichoacha. Kwa hiyo tunaifuta kila Jumamosi jioni na tunawaambia watu. Bado kuko wanaosahau na wanaolia.

Flashi. Hapa njo natumia saa nzima ya mafunzo sasa. Mtu akikupa flashi amekupa mfuko wake. Unaruhusiwa kuangalia kama umetoboka, haukupewa uangalie kilicho ndani. Ukishaitengeneza, majina ya dosie yakionekana, kazi imekwisha, unachomoa unampa mwenyewe afungue, na akifungua mbele yako unageuza macho. Wengine wananiambia shefu, hiyo ni adabu tu. Adabu ndiyo, na sheria pia: Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha binafsi ya mtu na siri ya mawasiliano yake, na tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 kuko Kode ya numeriki, ordonansi-sheria namba 23/010, yenye inagusa habari binafsi za watu moja kwa moja. Siku ile Kode haikuwepo. Katiba ilikuwepo na hatukuwa tumemsomea msaidizi hata mmoja.

Na meza. Tuliigeuza Jumatatu ileile jioni, mi na yeye, tukahamisha nyaya, sasa mgongo wa msaidizi uko ku ukuta na foleni inasimama mbele yake. Ilichukua dakika ishirini. Miaka yote ile, dakika ishirini tu.

Uongo wa umeme unaniuma kwa namna yake. Ulikuwa mdogo, ulitoka haraka, na ulikuwa rahisi juu hapa kwetu umeme unabeba makosa ya kila mtu. Lakini angalia ulifanya nini: dada aliposikia "umeme umechoma", aliamini faili imekufa na kwamba hakuna aliyekosa, kwa hiyo akamwachia flashi kijana yule-yule bila wasiwasi. Angeambiwa kweli, nafikiri angeichukua flashi yake pale-pale akaenda, na picha isingefunguka.

Kuhusu mukubwa na mashini 14 watu wananiuliza kwa nini sikuwa mkali. Nilikuwa mkali. Anayepanga foleni haruki, hata akiwa mtoto wa mama yangu, na siku hizi mtu wa karibu akija, msaidizi hamhudumii, anamuita mwenzake, njo maana siku za depo wanakuwa wawili, mmoja akikosa natafuta mwingine au nakuja mi mwenyewe. Lakini yule kijana alikuwa na deni la minervali kwa mtu aliyesimama mbele yake, na sisi tulikuwa na deni la posho kwake. Nimeandika barua mbili juu ya posho za wasaidizi kulipwa kwa tarehe. Ya tatu iko mezani hapa, nimeambatisha kopi ya ule ukurasa wa daftari, majina nimeyafunika, mstari uliokatwa unaonekana.